Waliofia Nchi na Waliofia Njiani: Lugha ya Ukumbusho wa Askari na Wapagazi

Makala haya yana nia ya kuchunguza lugha ya ukumbusho ambao wakazi wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam huupita kila siku bila ya kuusoma. Tunakusudia zile sanamu za shaba nyeusi ambazo serikali ya Kiingereza ilizisimamisha katika miji hiyo mitatu ili kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya 1914–1918. Wanahistoria wamekwisha kuandika mengi na ya maana juu ya vita hivyo, wala hatukusudii kushindana nao. Kazi yetu ni ya mtu wa lugha. Tutachukua maneno machache yanayohusiana na sanamu hizo, yaani askari, mpagazi, nchi, jina, na zaidi ya yote kitenzi -fa pamoja na minyambuliko yake, tuyapime kwa kanuni za Kiswahili chenyewe. Tunaamini kwamba yakipimwa hivyo yanafichua jambo ambalo waliosimamisha sanamu hawakukusudia kulisema, nalo ni kwamba wengi wa wanaotajwa pale hawakufa kwa namna inayotajwa pale.

Sanamu na maandishi yake

Sanamu ya Dar es Salaam ilizinduliwa 1927. Huko juu amesimama askari peke yake, ameshika bunduki, na singe yake imeelekezwa upande wa bandari. Mahali hapo palikuwa na sanamu nyingine kabla yake. Wajerumani walikuwa wamemsimamisha hapo Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 walimng'oa, na baadaye akafikishwa Hamburg, ambako wanafunzi wa chuo kikuu walimwangusha 1967, na akisha kurudishwa, wakamwangusha tena 1968. Basi yule askari wa shaba amerithi kiti cha mtu aliyeondolewa. Yafaa pia ikumbukwe kwamba katika mji ule, uliokuwa makao makuu ya Wajerumani, wamo wengi ambao babu zao walipigana au walibeba mizigo upande wa pili, na hao sanamu hii haiwahusu.

Ya Nairobi ilifuata 1928. Hiyo ina watu watatu: askari wa King's African Rifles, Mwarabu mwenye bunduki, na mpagazi. Mchongaji wa sanamu ya Dar es Salaam na ya Nairobi ni mmoja, Mwingereza James Alexander Stevenson. Mombasa nayo ina sanamu zake katika barabara inayoitwa leo Jomo Kenyatta. Tofauti moja kati ya Dar es Salaam na Nairobi inatuhusu sana. Katika mji wa kwanza, mpagazi yumo katika maandishi lakini hayumo juu ya jiwe. Katika mji wa pili amepewa umbo, akasimama na askari bega kwa bega.

Maneno ya asili ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Hatuyanukuu hapa, yatosha kueleza maana yake kwa maneno yetu wenyewe. Ukumbusho umewekwa kwa ajili ya askari wenyeji wa Afrika waliopigana. Kisha kwa ajili ya wapagazi, ambao wanasemwa kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha kwa ajili ya wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao. Mwishoni msomaji anaambiwa kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Kipling hakuwa mtu wa kuandika mambo hayo ovyo ovyo. Tangu 1917 alikuwa mshauri wa lugha wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Kiingereza. Mwanawe wa pekee, John, aliuawa Loos, Ufaransa, 1915, akiwa na umri wa miaka 18, na baba alikufa 1936 bila ya kuoneshwa kaburi la mwanawe. Jina la kijana huyo, hata hivyo, lilichorwa ukutani huko Loos pamoja na majina ya maelfu ya wengine ambao maiti zao hazikutambulikana. Mzee huyo alijua vyema thamani ya jina lisilo na kaburi.

Maandishi ya sanamu yametiwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na hati za Kiarabu zikatumiwa pamoja na za Kilatini. Hilo si jambo dogo kwetu. Mwaka 1927, mtu wa Pwani aliyejua kusoma aghalabu alisoma kwa hati za Kiarabu. Isitoshe, mkutano wa Mombasa ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu ulifanyika 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ikaundwa 1930. Maandishi haya basi yamezaliwa kizingitini, kabla tahajia haijakubaliwa, na yafaa yahesabiwe miongoni mwa maandishi ya mwanzo ambayo serikali iliyatia katika Kiswahili mahali pa hadhara kwa nia ya kudumu. Inashangaza kwamba wanafunzi wetu wanaochunguza historia ya usanifishaji huyaruka.

Kufa, kufia, kufiwa

Katika sarufi ya Kiswahili, kauli ya kutendea ni mojawapo ya zana zenye kazi nyingi mno. Kitenzi -fa kikitiwa kiambishi cha kauli hiyo huwa -fia, na maana zake si moja. Yako matumizi ya mahali: mtu alifia safarini, alifia baharini, alifia Voi. Yako matumizi ya kusudi: mtu hufia haki, hufia dini, na ndipo Wakristo walipopata neno mfiadini. Tena yako matumizi ya hasara: mama husema, mtoto amenifia, na hapo anayetajwa ndani ya kitenzi si mahali wala kusudi, bali ni yule aliyebakia na msiba. Kutokana na matumizi haya ya mwisho hupatikana kufiwa, neno ambalo kila mtu wa kwetu hulijua kabla hajajua sarufi.

Sasa na tutazame usemi "waliofia nchi", ambao ndio muhtasari wa kila mnara wa vita duniani. Ukitia silabi moja tu mwishoni, yaani kiambishi -ni cha mahali, unapata "waliofia nchini", na maana imegeuka kabisa. Wa kwanza wametoa roho zao kwa kusudi. Wa pili wamekutwa na mauti mahali fulani. Na majina ya pekee ya mahali, kwa kuwa hayapokei -ni, huacha utata wazi kabisa. Ukisema "alifia Kenya", msikilizaji hana njia ya kujua kama Kenya ni mahali alipofia au ni jambo alilolifia, mpaka mambo mengine yamweleze. Msemaji anayetaka kuondoa shaka hutia kiambishi cha mtendewa: "aliifia Kenya". Basi lugha inatulazimisha kuchagua. Ama tunasema nchi ilikuwa ni kusudi, ama tunasema ilikuwa ni mahali, ama tunaacha sentensi isimame na utata wake.

Wapagazi wengi walifia njiani. Hatusemi hivyo kwa mafumbo. Majeshi ya Kiingereza yalipoingia Afrika ya Mashariki ya Kijerumani 1916 chini ya Jan Smuts, yalipita katika nchi ya mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe wakafa kwa maelfu, na magari yakakwama mvua ziliponyesha. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni moja walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi ya Kiingereza katika muda wa vita vyote hivyo, wakitoka katika nchi ambazo leo ni Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi, Zambia, Msumbiji na Kongo, na wengine kutoka Afrika ya Magharibi. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa hupita 95,000, na wachunguzi wengi huiona kuwa ni pungufu. Risasi iliwaua wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, na wengi na tumbo lililoharibiwa na chakula, kwa maana watu waliozoea ndizi au wimbi walipewa unga wa mahindi, nao wakaupika nusu nusu mwisho wa safari, hawana kuni za kutosha wala muda. Wakati wa mvua za 1917, katika mabonde ya Rufiji, hata chakula hicho kilikuwa adimu. Kisha, mwaka 1918, ikaja homa kuu ya mafua.

Hawa ndio wanaoambiwa kwamba walikufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao. Mwanasarufi hana budi kusita kwenye vimilikishi hivyo viwili, wao na yao. Kimilikishi katika Kiswahili hupatana na kinachomilikiwa. Hakiulizi kama mwenye kumiliki anakubali. "Mfalme wao" ni sahihi kisarufi hata kama wanaotajwa hawakupata kumsikia mfalme huyo. Mwaka 1914 Kenya haikuwa bado koloni. Ilikuwa ni himaya, na ikageuzwa koloni 1920, yaani baada ya wapagazi kufa. Ukanda wa Pwani ulihesabiwa kuwa ni wa Sultani wa Unguja. Kwa mtu wa Machakos au wa Nyeri, neno la lugha yake linalolingana na nchi lilikuwa na mipaka yake, nayo haikufika Rufiji. Isitoshe, sheria ya 1915 iliruhusu kuwachukua watu kwa lazima, na mwaka 1917 John Ainsworth alikabidhiwa kazi ya kuwakusanya kwa wingi, wilaya kwa wilaya. Yaelekea kwamba kitenzi kinachowafaa wengi wao si kwenda bali ni kupelekwa.

Hatusemi kwamba hakuna Mwafrika aliyepigana kwa hiari au kwa ushujaa. Wako askari wa King's African Rifles waliojiunga kwa kupenda kazi, wakajivunia kikosi chao, na kuwanyima haki hiyo ni kuwadharau mara ya pili. Tunalolisema ni kwamba sentensi moja imewafunika wote, aliyependa na aliyeburutwa, na kwamba Kiswahili kilikuwa na njia ya kuwatenganisha kama kingalipewa nafasi.

Tena ukumbusho hauna kufiwa. Umejaa wafu na mfalme na watoto watakaokumbuka. Wake, mama na ndugu waliokuwa wakingojea hawamo. Tunafahamu kwamba mshahara ambao wafu wengi walikuwa wakiudai haukuwafikia jamaa zao. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha wapagazi tangu 1914, alikuwa miongoni mwa maofisa walioitetea fedha hiyo, wasifanikiwe. Katika lugha ya wenyeji, mtu wa kwanza wa kutajwa katika habari ya kifo ni aliyefiwa. Huendewa, hupewa pole, hukaliwa matanga. Shaba haimtaji.

Askari na mpagazi

Neno askari limetoka katika Kiarabu, ambako askar ni jeshi na askari ni mtu wa jeshi. Kiswahili kimelipokea kwa heshima. Halikubadili umbo katika wingi, lakini limepewa upatanisho wa viumbe wenye uhai, askari yule, askari wale. Kutoka kwetu limeingia katika Kiingereza na Kijerumani cha wakoloni bila ya kutafsiriwa. Leo limeshuka ngazi kidogo, kwa kuwa mlinzi wa usiku mlangoni pa duka naye huitwa askari, lakini bado ni neno lenye sare.

Mpagazi ni neno la Kibantu, na lina historia ndefu katika misafara ya karne ya kumi na tisa. Kitenzi chake ni -pagaa, kuchukua mzigo begani au kichwani. Umbo la mpagazi laeleweka tukikumbuka ile l iliyopotea katika vitenzi vingi vya Kiswahili: kama mchukuzi alivyotoka katika -chukua na mjuzi katika -jua, ndivyo mpagazi alivyotoka katika -pagaa, l iliyofichika ikageuka z mbele ya i. La kuvutia zaidi ni jamaa za neno hili. Pepo akimpanda mtu tunasema mtu huyo amepagawa. Katika asili ya maana, aliyepagawa ni mtu aliyefanywa chombo cha kubebea, aliyekaliwa na kitu kisicho chake. Hatudai kwamba aliyeandika mpagazi katika maandishi ya vita alikuwa na pepo akilini. Twasema tu kwamba neno lenyewe linalo jambo hilo.

Sasa turudi kwenye miguu na mikono. Tashibihi hiyo imesifiwa sana, na kweli ina huruma ndani yake. Katika wakati ambapo makarani wa jeshi waliwahesabu wapagazi pamoja na magunia, Kipling aliwahesabu kuwa sehemu ya mwili. Lakini mwili una mpangilio wake. Miguu na mikono hufanya kazi, haina jina, haina kinywa. Kichwa kimeachwa kwa mwingine. Na hapo ndipo tashibihi inapochekesha kwa uchungu, maana mpagazi wa Afrika ya Mashariki aghalabu hakubeba kwa mkono. Mzigo wake wa ratili zipatazo 50 ulikaa kichwani. Mtunzi amempa viungo vyote vya kazi isipokuwa kile alichofanyia kazi. Mswahili angalimwita jeshi lenyewe mgonjwa aliyebebwa, au mtoto wa mgongoni, na ukweli ungalikuwa karibu zaidi.

Kariakoo

Upo ukumbusho mwingine wa wapagazi, mkubwa kuliko wa shaba, nao haukuchongwa na mtu. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Kambi yake ya Nairobi iliacha jina la Kariokor, mtaa na soko tunaloliendea vyondo na nyama ya kuchoma. Dar es Salaam, Waingereza walipouteka mji 1916, waliweka kambi ya kikosi hicho katika mtaa ambao Wajerumani walikuwa wameupangia Waafrika, na mtaa ukaitwa Kariakoo.

Maumbo haya mawili yanastahili kutazamwa kwa makini kuliko ilivyofanywa mpaka sasa. Neno la Kiingereza corps huandikwa kwa konsonanti nyingi ambazo hazitamkwi. Linalosikika ni k na irabu ndefu. Sikio la Dar es Salaam lilifuata sauti: irabu ndefu ikawa oo, irabu hafifu ya katikati ikawa a, na kwa kuwa katika Kiswahili oo huhesabiwa silabi mbili, mkazo ukaangukia o ya kwanza, mahali pake halali, silabi ya pili kutoka mwisho. Neno limetulia kabisa. Hakuna mgeni anayeweza kudhani kwamba lilipata kuwa la Kiingereza. Kariokor ya Nairobi, kwa upande wake, imebakia na r mwishoni, jambo linaloonyesha kwamba walioliandika walikuwa na maandishi ya Kiingereza mbele ya macho yao, huku irabu ya katikati ikivutwa na o inayofuata. Silabi yake ya mwisho imefungwa, kinyume cha desturi ya Kiswahili. Kwa maoni yetu, umbo la Dar es Salaam ni kazi ya masikio na la Nairobi ni kazi ya ofisi, na hilo pekee laeleza mengi juu ya nani alikuwa na neno katika mji upi.

Yaliyofuata ni ya kusikitisha na ya kufurahisha kwa pamoja. Kariakoo imekuwa soko kubwa. Jengo lake mashuhuri, lililobuniwa na Beda Amuli, lilifunguliwa 1975 na likaungua 2021. Simba na Yanga zina makao yao katika mtaa huo, na mechi yao huitwa Dabi ya Kariakoo, ikatangazwa redioni na kusikilizwa na mamilioni. Kila mara jina hilo litamkwapo, kikosi cha wapagazi kinatajwa. Lakini anayelitaja hajui, na anayelisikia hajui. Ukumbusho, kama neno lenyewe lisemavyo, hutokana na -kumbusha, kauli ya kusababisha; lazima pawe na mtu wa kukumbushwa na kitu alichokwisha kukijua. Neno Kariakoo limehifadhi sauti kwa uaminifu kuliko shaba, na halimkumbushi mtu yeyote.

Jina

Mwandishi wa makala haya alipokuwa akisoma ng'ambo alizoea kupita mbele ya mnara mdogo wa mawe katika kijiji cha Kiingereza. Kijiji kilikuwa na maduka matatu na kanisa. Mnara ulikuwa na majina yapata arobaini, yamepangwa kwa alfabeti, na katika safu moja jina la ukoo mmoja lilijirudia mara tatu. Hakuna tashibihi pale, wala miguu wala mikono; ni majina matupu, na msomaji mgeni huelewa bila ya kuelezwa. Kwa Kiswahili tungesema ukumbusho ule wajua nani alifiwa.

Tume ya makaburi iliyoundwa 1917 ilijiwekea kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila ya kubagua cheo, rangi wala dini. Kanuni hiyo haikufuatwa Afrika ya Mashariki. Wazungu walipewa mawe yenye majina. Waafrika wengi, na wapagazi hasa, walipewa sanamu hizi za jumla, na makaburi yao mengi yakaachwa yarudie pori. Tume yenyewe, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilikiri hayo katika ripoti ya 2021. Ilikadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na labda kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Udhuru uliotolewa zamani, kwamba majina hayakuweza kupatikana, hautoshi. Katika Kiswahili, mtu anayeajiriwa huandikwa: ameandikwa kazi, ameandikwa jeshini. Wapagazi waliandikwa kwa maana zote mbili, wakapewa nambari. Na katika mwaka ule ule wa 1915 serikali ilitunga sheria ya kusajili wanaume Waafrika, iliyoanza kutekelezwa baada ya vita, ambayo ilimpa kila mmoja kipande cha kuvaa shingoni chenye jina lake, alama za vidole na habari za kazi yake. Serikali iliyoweza kuliandika jina la kila kibarua aliye hai, ili asitoroke, ilisema kwamba haiwezi kuyaandika majina ya waliokwisha kufa.

Basi ile ahadi ya mwisho, kwamba wana watalikumbuka jina, ilichongwa juu ya jiwe lisilo na jina. Twaweza kuisoma ahadi hiyo kuwa ni dhihaka. Twaweza pia kuisoma kuwa imetupa kazi yote sisi: jiwe halitakumbuka, kumbukeni ninyi. Na katika jamii zetu nyingi wana walikuwa na njia yao ya kukumbuka, isiyohitaji jiwe. Kwa Wakikuyu, mathalani, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na hivyo jina la marehemu hurudi likaitwa tena uani, likakemewa, likatumwa maji. Ila njia hiyo yahitaji wana. Wengi waliochukuliwa walikuwa vijana wasiooa bado, na aliyefia Rufiji kabla ya kupata mtoto hakuwa na wa kumrudisha, isipokuwa kama ndugu yake alimhurumia.

Mwezi wa Januari 2025 ulizinduliwa Cape Town ukumbusho wa Waafrika ya Kusini zaidi ya 1,700, wengi wao weusi, waliokufa wakiwa vibarua wa jeshi katika vita hivyo hivyo. Kila mmoja amewekewa nguzo yake ya mbao ngumu yenye jina lake. Kwa hiyo jambo linawezekana, na hapa kwetu uchunguzi wa madaftari umeanza kutoa majina. Hapo ndipo idara za lugha zitakapotakiwa. Jina la Mkamba, la Mjaluo au la Mgiriama lililoandikwa 1917 lilisikiwa na karani ambaye hakuijua lugha hiyo. Alisikia irabu saba kama tano, akachanganya r na l, akalitaja jina la baba kana kwamba ni la mtu mwenyewe, au akaandika jina la chifu au la kijiji mahali pa jina la ukoo. Mwenye kuichonga nguzo atachonga alichopewa. Kabla ya kupewa, kila jina lahitaji kusomwa kwa sauti na mtu anayeijua lugha yake, katika tarafa lilikotoka, mbele ya wazee ambao huenda wakalitambua.